Siku Yetu ya Kwanza Katika Visiwa vya Galápagos

Mwenye ramani ya dunia karibu naye na aifungue, na mwanafunzi mwenye kidole safi na akiweke juu ya Nanyuki, mahali upitapo mstari wa Ikweta. Sasa akipeleke kidole kile upande wa magharibi bila kuuacha mstari. Atapita Maseno, atapita Uganda na misitu ya Kongo, atavuka bahari ya Atlantiki, ataingia Amerika ya Kusini karibu na mahali mto Amazon umwagapo maji yake, hata atokee upande wa pili katika nchi iitwayo Ekwado. Jina la nchi hiyo, kwa lugha ya Kispania, maana yake ni Ikweta. Lakini asisimame hapo. Na aendelee katika bahari ya Pasifiki mwendo wa kilometa 1,000 hivi, ndipo atakapoona vitone vidogo vidogo kama punje za ulezi zilizomwagika mezani. Vitone hivyo ndivyo visiwa vya Galápagos, na tuliyo nayo jioni hii ni habari za siku yetu ya kwanza huko.

Tulikuwa walimu watano, tuliojiwekea akiba kidogo kidogo kwa miaka mingi ili tuone kwa macho yetu mambo tuliyokuwa tukiyafundisha kwa vitabu tu. Miongoni mwetu alikuwamo mzee mmoja, mwalimu wa kilimo aliyekwisha kustaafu. Ametupa ruhusa kuisimulia habari yake, ila jina lake tusilitaje. Basi hapa tutamwita Mzee tu, kama tulivyomwita safarini.

Safari ya kwenda visiwani tuliianza kwa ndege katika Guayaquil, mji mkubwa wa pwani ya Ekwado. Kabla ya kupanda, mizigo yetu yote ilifunguliwa na kukaguliwa. Wakaguzi hawakuwa wakitafuta fedha wala silaha. Walikuwa wakitafuta matunda, mbegu, udongo na wadudu. Hata walipofika kwenye mfuko wa Mzee, wakakuta kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake mbegu za mbaazi, mchicha na bamia. Mzee alikuwa amezichagua mwenyewe, punje kwa punje, ziwe zawadi kwa wenyeji wa visiwani. Wakaguzi wakamweleza kwa upole kwamba mbegu hazipiti, wakazichukua. Mzee akatugeukia akasema, "Nimelima miaka arobaini, nami nimewafundisha kulima watu wasiohesabika. Mbegu yangu ina ubaya gani?" Sisi hatukuwa na jibu. Akaingia katika ndege amenyamaza, akakaa kimya mwendo wote, nao ni muda usiofika saa mbili.

Tuliteremka katika kisiwa kiitwacho Baltra. Msidhani tulikuta minazi na majani mabichi. Nchi ile ni kavu, ya mawe mekundu na meusi, na miti yake mingi ni mipungate mirefu pamoja na miti ya kijivu isiyo na majani wakati wa kiangazi. Tulipoukaribia mmoja wa miti hiyo ya kijivu tulisikia harufu tuliyoijua. Maana mti huo ni wa jamaa moja na mti utoao ubani, ule unaofukizwa katika nyumba za pwani yetu. Kando ya njia tuliona misingi ya saruji isiyo na nyumba juu yake. Hayo ni mabaki ya kambi ya jeshi la Marekani, iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tafadhali likumbukeni jina la Baltra, kwa kuwa tutalirudia.

Kiongozi wetu alikuwa binti mzaliwa wa visiwa vile vile. Sheria ya huko haiwaruhusu wageni kutembea peke yao katika mahali pa wanyama. Hapana budi wawe na kiongozi aliyefundishwa na kupewa cheti na Hifadhi ya Taifa. Binti yule alisema Kiingereza vizuri, na kila mara alipomwita Mzee alisema "Bwana", naye Mzee akamwita "binti yangu", hata kwa hasira yake yote.

Bandarini tulikuta kiti kirefu cha abiria, na juu yake amelala mnyama mnene, mweusi kwa kulowa maji, anakoroma. Huyo ni simba wa baharini, ambaye ana mapezi mahali pa miguu. Watu walisimama na mizigo yao, naye akalala. Hakuna aliyemfukuza. Ndipo tukaambiwa tuingie katika panga ili tuifikie meli. Mmoja wetu akacheka akasema kwamba kwetu panga hukata kuni, halichukui abiria; lakini huko panga ni jina la mashua ndogo ya injini. Basi tukaingia katika panga, tukapanda melini salama.

Meli yetu ilichukua wasafiri kumi na sita. Baada ya chakula cha mchana binti yule alitukusanya akatusomea masharti. Usiiache njia iliyowekewa alama. Usimkaribie mnyama zaidi ya meta mbili. Usichukue chakula nchi kavu. Usiokote kitu, wala jiwe, wala unyoya, wala kombe. Na kufika saa kumi na mbili jioni kila mtu awe amekwisha kutoka kisiwani. Mzee akatunong'oneza, "Hii ni shule ya bweni." Tukafurahi kidogo, maana hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu Guayaquil.

Alasiri tulishuka katika kisiwa kidogo kiitwacho Seymour ya Kaskazini, ambacho mlango mwembamba wa bahari tu hukitenga na Baltra. Inafaa hapa tueleze visiwa hivi vilivyotokea. Galápagos haikupata kamwe kuungana na bara. Chini ya bahari mahali pale pana moto mkubwa wa ardhi, na mawe yaliyoyeyuka hupanda, hutoka, hupoa, hurundikana, hata kilele kikatokeza juu ya maji. Ni kazi ile ile iliyoufanya mlima Kilimanjaro, na ambayo Ol Doinyo Lengai wa Wamasai ungali ukiifanya. Tena sakafu ya bahari husogea polepole kuelekea mashariki, na kuvichukua visiwa mbali na moto ule. Kwa hiyo visiwa vya mashariki ni wazee waliopoa, na vya magharibi ni vijana wenye hasira. Kisiwa cha Fernandina kilitoa moto mwezi wa Machi mwaka 2024. Seymour yenyewe si kilele cha mlima, bali ni bamba la mawe ya lava lililoinuliwa kutoka chini ya bahari, nalo ni tambarare kama meza.

Sasa jiulizeni: katika nchi iliyozaliwa baharini, mbali na bara kilometa 1,000, mnyama atafikaje? Ndege waliletwa na upepo. Mijusi na kobe walichukuliwa na maji, na pengine juu ya magogo na vichaka vilivyong'olewa na mafuriko ya mito. Lakini simba, chui, mbweha na fisi hawakuweza kuvuka. Basi kwa vizazi visivyohesabika wanyama wa huko waliishi bila kuwindwa na mnyama mkubwa wa miguu minne, wala na mtu. Na asiyewindwa hajifunzi kukimbia.

Jambo hilo tulilijua kwa vitabu; kuliona ni kitu kingine. Tulipopanda juu ya mawe ya kisiwa, ndege mmoja mkubwa alikuwa ameweka mayai yake mawili ukingoni mwa njia, juu ya udongo mtupu. Tulipita karibu naye, mmoja mmoja, pumzi zetu tumezishika. Alitutazama kama mwalimu atazamavyo wanafunzi waliochelewa, kisha akageuza shingo. Miguu yake ni ya rangi ya buluu, kama iliyochovywa katika rangi ya duka. Mbele kidogo dume mmoja alikuwa akimchezea jike: anainua mguu wa kulia, anauonyesha, anauweka, anainua wa kushoto, anauonyesha, anauweka. Binti alituambia kwamba buluu ile hung'aa dume akila vizuri na akiwa na afya, na hufifia akiona njaa. Kwa hiyo jike akiitazama miguu huyajua mambo ya nyumba kabla hajaolewa.

Juu ya vichaka walikaa ndege weusi wa mabawa marefu, na madume yao wamejaza hewa mfuko wa ngozi ulio kooni, mwekundu kama pilipili, mkubwa kama kibuyu. Mabaharia huwaita ndege wa manowari, kwa sababu huwanyang'anya wenzao samaki angani. Wao wenyewe hawawezi kutua majini, maana manyoya yao hayazuii maji.

Mmoja wetu akauliza yule wa miguu ya buluu huitwaje. Binti akasita kidogo, kisha akasema kwamba mabaharia wa zamani walimwita kwa neno la Kispania lisemwalo *bobo*, yaani mjinga au mpumbavu. Tukauliza, mjinga kwa nini? Akajibu, "Kwa sababu hakukimbia alipoona rungu."

Tulisimama tukalifikiri neno hilo. Mtu wa kwanza aliyeandika habari za visiwa hivi alikuwa Tomás de Berlanga, askofu wa Panama, ambaye meli yake ilikosa upepo ikachukuliwa na mkondo mwaka 1535. Naye aliandika kwamba ndege wa huko walikuwa wapumbavu, hawakujua kukimbia, hata watu waliwakamata kwa mikono. Miaka 300 baadaye, mwaka 1835, alifika Charles Darwin, kijana wa Uingereza, akasukuma kipanga mtini kwa mdomo wa bunduki yake. Kitabu chake juu ya asili ya viumbe, kilichotolewa mwaka 1859, kilitokana kwa sehemu na mambo aliyoyaona huko. Lakini waliokuja kwa wingi hawakuwa wataalamu. Walikuwa maharamia na wawindaji wa nyangumi, nao walitaka nyama. Kobe wakubwa wa visiwani, ambao ndio waliovipa visiwa jina, waliweza kukaa miezi mingi chini ya sitaha bila chakula wala maji. Wakapangwa huko wazima, kama magunia. Wataalamu hukadiria kwamba kobe zaidi ya 100,000 walichukuliwa hivyo. Basi ukiita kiumbe mjinga kwa kuwa alikuamini, neno hilo lamrudia nani?

Tukiwa tungali katika fikira hizo, tukamwona chini ya mpungate mnyama aliyefanana na kenge, lakini mnene, wa rangi ya njano, anatafuna jani la mpungate pamoja na miiba yake. Huyo ndiye iguana wa nchi kavu. Hapo ndipo binti alipotuambia habari ya Baltra. Zamani iguana hao walikuwa Baltra, wala hapa Seymour hawakuwapo. Mwaka 1932 na mwaka 1933 watu wa msafara wa Mmarekani G. Allan Hancock waliwaona wa Baltra wamekonda, wakawavusha makumi kadhaa wakawaweka hapa, wapate kuona kama wataishi. Baadaye, wakati wa vita, Baltra ikajaa askari, magari na viwanja vya ndege. Na mbuzi walikuwa wamekwisha kula majani. Haukupita muda mrefu baada ya vita, iguana wa Baltra wakatoweka wote. Kama si wale wachache waliovushwa, kabila hilo la Baltra lingalikwisha. Tangu mwaka 1991 watoto wao, waliolelewa na watu wa Hifadhi, wamerudishwa kwao. Wale waliowavusha hawakujua kwamba walikuwa wameshika uzao mzima mikononi mwao.

Mzee akamsogelea binti. Akasema, "Binti yangu, askari na mbuzi nimewaelewa. Niambie sasa habari ya mbegu zangu."

Naye akamjibu, "Bwana, kwenu mpera ni mti mbaya?"

"La, ni mti mwema sana. Watoto huupenda."

"Kwetu pia aliyeuleta alikuwa mkulima mwema. Leo mipera imefunika nyanda zetu za juu, na mimea ambayo haipo popote duniani ila hapa imekosa jua. Mkwinini nao uliletwa kisiwani Santa Cruz katika miaka ya 1940, ili kupata dawa ya homa, nao pia ukatushinda. Na mwaka 1959 wavuvi waliacha mbuzi watatu katika kisiwa cha Pinta, wapate nyama safari nyingine. Hawakupita miaka ishirini, mbuzi wakawa makumi elfu. Kobe wa Pinta, waliokwisha kupunguzwa na mabaharia, wakakosa chakula. Alibaki dume mmoja tu, tukamwita George Mpweke. Alikufa mwaka 2012, na kabila lake likaisha naye. Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyekusudia ubaya, Bwana."

Mzee hakujibu. Aliitazama mifuko ya koti lake, akaigeuza nje mmoja baada ya mwingine, akakung'uta kila mmoja katika kiganja chake. Katika mfuko wa tatu ilipatikana punje moja ya mchicha, ndogo hata twaliiona kwa taabu. Akaifunga katika leso akampa binti.

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipofika ufukoni kuisubiri panga. Mtoto wa simba wa baharini alitoka majini, akatambaa juu ya mchanga, akaja moja kwa moja kwenye viatu vya Mzee. Alikuwa mdogo, macho yake makubwa yana maji, na sharubu zake zilitetemeka aliponusa. Kila mmoja wetu mkono ulimwasha kutaka kumgusa. Binti alikuwa mbali, akiipungia mashua, wala hakuona. Mama yake mtoto yule alikuwa bado majini, anaita. Na tulikuwa tumeambiwa kwamba simba wa baharini humjua mwanawe kwa sauti na kwa harufu. Mzee akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaishikanisha, akarudi nyuma hatua moja. Mtoto akasogea. Mzee akarudi hatua ya pili, na ya tatu, hata akaingia majini kwa viatu vyake. Ndipo mtoto akachoka na mchezo, akarudi kwa mama yake. Hakuna aliyesema neno.

Usiku, melini, viatu vya Mzee vikiwa vimeanikwa karibu na taa, tulizungumza habari za kwetu. Maana tusije tukadhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Katika kisiwa cha Changuu, kilicho karibu na mji wa Unguja, wako kobe wakubwa waliotoka visiwa vya Shelisheli. Wanne wa kwanza waliletwa kuwa zawadi mwaka 1919. Wakazaa wakawa wengi, kama 200 katika mwaka 1955. Kisha watu wakaanza kuwaiba na kuwauza, na kufika mwaka 1996 walibaki saba tu, ndipo ulinzi ukaongezwa na wengine wakaletwa. Kobe hao pia hawakimbii. Mtu humkuna shingo naye hunyoosha kichwa, afurahi. Walioibwa, naam, pengine walinyoosha vichwa vivyo hivyo.

Mzee ndiye aliyefunga mazungumzo. Alisema, "Miaka yote nimewafundisha watoto kwamba mnyama asiyemwogopa mtu ni mnyama aliyefugwa. Leo nimeona wasiofugwa na wasioogopa. Nikirudi nitawaambia vingine. Nitawaambia kwamba kumfuga mnyama ni kumfundisha yeye, na kule ni sisi tunaofundishwa." Kisha akatuuliza kama yupo mwenye viatu vya akiba.

Wasikilizaji wetu, siku zilizofuata tuliona mengi: mijusi waogeleao baharini na kula majani ya chini ya maji, na pengwini waishio karibu na Ikweta kwa sababu mikondo ya maji baridi hupita huko. Huenda tukawasimulia siku nyingine. Lakini tulipoulizwa nyumbani ni lipi lililotushangaza kuliko yote, sote watano tulitaja siku ya kwanza, na ufuko wa Seymour, na mtu mzima arudiye nyuma kwa adabu mbele ya mtoto wa mnyama.

Nanyi wanafunzi, kesho mkipita njiani mtamwona njiwa au mjusi akiruka kabla hamjafika. Mhesabuni ni hatua ngapi kati yenu naye alipoanza kukimbia. Hesabu hiyo ameipata kwetu sisi, na kwa baba zetu. Iandikeni katika daftari zenu, kisha mwulizeni mwalimu wenu namna gani ingeweza kupunguzwa.

Kwaherini, na usiku mwema.